Kadi Iko kwa Dada

Makambako,
Jumapili, 8 Oktoba 2023

Dada Lucia,

Kamwene. Sisi wazima, mwanangu Aron anakusalimia. Barua hii nampa Ussi, yule konda wa kosta ya asubuhi, kama tulivyokubaliana. Kaniuliza, "Mwalimu, siku hizi bado watu wanaandikiana barua?" Nikamwambia ni mambo ya kanisa. Mungu anisamehe.

Simu yangu bado inaita huko kwako? Usinijibu, wanaopiga nawajua. Wiki ya kwanza mkono ulikuwa unaenda mfukoni wenyewe, kama wa mtu aliyeacha ugoro. Nikishtuka, naona nimeshika chaki.

Alhamisi Salha alikuja shuleni na mzigo wake. Yule mama anajua mshahara unaingia lini kuliko sisi wenyewe. Akafungua furushi juu ya meza ya ofisi ya walimu: vitenge, mashuka yenye nakshi, hotpoti. "Chukueni tu, matajiri wangu, mtalipa mwisho wa mwezi." Kulikuwa na kitenge cha kijani, maua ya njano. Nilikigusa. Nilikigusa tu, dada. Kisha nikatoka nikaenda kujifungia chooni mpaka nikasikia ameondoka. Mwalimu mzima, najificha chooni kwa sababu ya kitenge!

Usidhani nafanya hivi kwa kukuogopa wewe. Nafanya kwa ajili ya ile miti ya misindano. Baba aliipanda Kifanya mwaka aliozaliwa Aron, akasema hii ndiyo itakayomsomesha mjukuu wangu. Na mimi nikaiweka rehani kwa Joackim wa mbao, ili nilipe madeni ya hotpoti. Nikiliandika hivyo kwenye karatasi naona aibu upya.

Mshahara ukiingia, mpe Joackim kwanza, halafu ndiyo unitumie ya unga.

Mdogo wako,
Peace


Njombe,
14 Oktoba 2023

Peace,

Barua nimeipata, inanuka dagaa wa Manda, sijui Ussi alikuwa ameikalisha wapi. Ya chooni nimecheka. Halafu nikaacha kucheka.

Masharti nayarudia usije ukasema hukuelewa. Simu iko kabatini kwangu, laini nimeitoa. Usinunue hata simu ndogo ya kitochi, maana vitochi navyo vinakopesha siku hizi. Kadi ya benki ninayo mimi, namba ya siri ninayo mimi. Mwisho wa mwezi natoa, nakutumia ya kula kwa Ussi, inayobaki nampelekea Joackim mkononi. Na wewe usimfuate Joackim. Au umesahau? Ulimwendea mara ya pili kumwomba nyongeza juu ya miti ile ile, na hereni mpya zinaning'inia masikioni! Mambo yake sasa ni kati yangu na yeye. Juni ikiisha hajalipwa zote, anaingiza mashine anakata, na karatasi ulisaini mwenyewe kwa mkono wako.

Baba haoni tena, mtoto wa jicho kamfunga macho yote mawili. Kila nikienda Kifanya ananiuliza, "Misindano ya Aron imefika wapi?" Namwambia imenenepa, baba. Sijamwambia iko rehani. Mimi mjane nauza viazi sokoni, sijazoea kusema uongo kwa mzee, umenizoesha wewe.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wewe mama alikufunza, ulimwengu ukakufunza, wote wakashindwa. Sasa zamu yangu.

Dada yako,
Lucia


Makambako,
27 Desemba 2023

Dada Lucia,

Krismasi imepita. Nilivaa lile gauni la zambarau la mwaka juzi. Wakati wa sadaka niliona wanawake wa kwaya wananitazama kuanzia kola mpaka pindo, halafu wanatazamana. Jeuri yangu yote ilikuwa ya nguo kumbe.

Ngoja nikuambie nilichokigundua. Chini ya kitanda changu nimekuta vitenge ambavyo havijakatwa, vimekunjwa vilevile alivyovifunga Salha. Vingine sikumbuki hata nilivichukua lini. Sikuwa navipenda, dada. Nilipenda ile dakika moja, Salha akinifungia mzigo na kuniita tajiri wangu mbele ya watu. Nikifika nyumbani dakika imekwisha, nausukuma mfuko chini ya kitanda. Nilijaribu kumrudishia, akaniambia bidhaa ikishatoka hairudi. Basi nimeamua kuvikata vipande nishone shuka moja kubwa la viraka. Mkono ukiwa na sindano haugusi kitu kingine.

Aron aliuliza mbona Krismasi hakuna nyama. Nikamwambia nyama yako iko kilimani Kifanya, inakua. Akacheka. Mtoto ana moyo mzuri kuliko ninavyostahili.

Dada, Joackim anakupa karatasi yoyote ukimlipa? Nitumie hata moja niibandike ukutani. Siku tamaa ikinishika nitakuwa naisoma.

Mdogo wako,
Peace


Njombe,
20 Januari 2024

Peace,

Usinilaumu kwa kuchelewa, nilikuwa na mambo. Jeni kaposwa! Kijana anaitwa Edson, kwao Ilembula, watu wa kujiweza. Wamekuja na magari mawili, Peace, mawili, yakasimama hapa mlangoni majirani wote wakatoka nje. Sendofu, sherehe ya kumuaga, ni Mei. Kamati tumeshaunda, na wifi zangu wote wamejiingiza humo, wale wale waliosema baba yake Jeni akishazikwa nitauza mpaka sufuria. Nataka waone. Sitaki mwanangu aondoke kama yatima.

Kuhusu karatasi: Joackim si mtu wa makaratasi. Nampa, anahesabu, ananiambia sawa mama, basi. Au huniamini? Mimi ndiye wa kuulizwa risiti? Na nani, na wewe?

Ya kula mwezi huu imepungua kidogo. Ni kwa faida yako, tunataka kumaliza mapema.

Dada yako,
Lucia


Makambako,
10 Machi 2024

Dada yangu,

Nisamehe ile ya karatasi. Nilipoisoma barua yako niliona kweli sina uso wa kuuliza. Mtu aliyenivua kwenye tope namuuliza mikono yake kama safi!

Jeni wetu! Nilimbeba mgongoni huyu, alinikojolea siku ya kipaimara changu. Na mama mdogo wake ni mimi peke yangu. Nimeshaanza kuota ile zamu yetu, wewe mbele, mimi nyuma yako, shangazi wanafuata na vyombo kichwani, MC anaita, watu wanapiga vigelegele. Sema nije na nini. Ningekuwa yule wa zamani ningekuja na friji, halafu ningelilia mwaka mzima.

Ya kula ilipungua tena mwezi uliopita, lakini usijali, Jumamosi napalilia mahindi ya mwalimu mwenzangu, ananipa maharage. Viatu vya Aron vimeachama mdomo, nimevishona. Tukifika Juni yote haya tutayasimulia tukicheka.

Habari njema nyingine: kina mama wa usharika wamechanga, baba atafanyiwa upasuaji wa macho hospitali ya Ilembula mara baada ya Juni. Fikiria, dada. Atafungua macho, na kitu cha kwanza atakachotaka kuona ni miti yake. Na itakuwepo.

Mdogo wako,
Peace


Njombe,
21 Aprili 2024

Peace,

Usilete kitu. Narudia, usinunue kitu chochote, tumetoka mbali.

Lakini pia usije ukaniaibisha. Wakwe watakuwa wamekaa pale mbele, wanahesabu nani katoa nini. Mama mdogo hapiti mikono mitupu, hata wewe unajua. Sare ni kitenge kimoja tu, cha kijani chenye maua ya njano, anacho Salha hapo hapo kwenu. Kamati imeshaelewana naye. Kila mtu analipa chake, na chako sikulipii, usije ukasema mimi ndiye niliyekurudisha kwenye ulevi wako.

Tafuta namna.

Lucia


Makambako,
12 Mei 2024

Dada Lucia,

"Usilete kitu" na "usiniaibishe." Nikitii moja nimevunja nyingine. Nimeigeuza barua yako juu chini nikitafuta namna, sijaiona.

Nilikwenda dukani kwa Salha kuulizia sare. Ni kile kile kitenge, dada! Kile kilichonikimbiza chooni. Akakitandika mbele yangu, akasema, "Chukua tu, mwalimu, wewe na dada yako ni wamoja. Dada yako siku hizi ndiye mteja wangu mkubwa." Nikajua anasema habari za sare za kamati. Nikamwambia sichukui kwa mkopo, na pesa taslimu sina, kadi iko kwa dada. Alicheka. Alicheka mpaka akashika kaunta, sijui nilisema nini cha kuchekesha.

Basi nitakuja bila sare. Nitavaa lile la zambarau. Lakini mikono mitupu siji, shuka langu limekamilika. Vitenge vyangu vyote vimo humo, na ni zito, la baridi ya kwetu hasa. Ni kitu pekee nilichonacho ambacho hakidaiwi. Nataka Jeni alale nalo.

Mdogo wako,
Peace


Njombe,
28 Mei 2024

Peace,

Nimekaa siku tatu nikingoja hasira ishuke. Haikushuka.

Ukumbi mzima kijani na njano, wewe umesimama mlangoni na zambarau lako lililopauka, kama mtu aliyepotea akitafuta msiba. MC anaita mama mdogo, mama mdogo! Nakuona unakuja na lile bunda la viraka kifuani, na mama yake Edson anamnong'oneza mwenzake. Ndiyo, ni mimi niliyemwambia MC aite mwingine. Ni mimi niliyesema Salha akae kwenye kiti chako. Salha alikuja na friji, Peace. Wewe ulikuja na matambara.

Mwaka mzima nakubeba. Siku moja tu ya kunibeba mimi, ukashindwa.

Wakwe wamesema sherehe ilifana. Shuka lako liko stoo, halijachafuka.

Lucia


Makambako,
2 Juni 2024

Dada Lucia,

Nilikaa nyuma ya turubai na wapishi. Hilda, yule wa pilau, alinipa kisu nikakata vitunguu, hivyo kama kuna aliyeniona nalia ana jibu. Vigelegele vya Salha nilivisikia. Ana pumzi.

Kiti si neno. Jeni akiwa na furaha, mimi nimesamehe kiti. Matambara nayo nimekusamehe, ingawa hilo limeniuma, maana ulijua nilichokuwa nakishona na kwa nini.

Jambo moja tu nakuomba. Juni imeingia. Kwa ninavyojua mshahara wangu, na kwa ugali tuliokula, deni la Joackim ama limekwisha ama limebaki kidogo. Jumamosi tarehe 22 nakuja Njombe twende kwake pamoja. Nataka anipe ile karatasi niichane mbele yake.

Friji lilikuwa zuri sana. Sikujua kama Salha ni mkarimu kiasi hicho.

Peace


Njombe,
19 Juni 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Usije tarehe 22. Joackim kasafiri, yuko Ludewa anatafuta mbao, hajulikani atarudi lini. Mambo yako yanakwenda vizuri. Utunze nauli yako, mnunulie Aron viatu. Subiri barua yangu.

Dada yako akupendaye,
Lucia


Njombe,
11 Julai 2024

Peace,

Najua umekwenda Kifanya. Ussi kaniambia ulipanda kwake jioni na unga wa mbao kwenye nywele.

Sasa nisikilize na mimi. Mwanzo nilimpa Joackim, Mungu ni shahidi, mpaka Krismasi nilimpa, ingawa sasa anasema hizo zilikuwa riba. Halafu Jeni akaposwa. Nikasema nakopa mshahara wa mwezi mmoja kwako, nitarudisha kwa viazi. Viazi vikashuka bei. Nikakopa mwingine. Kamati inakutana, wifi zangu wanataja ahadi zao kwa sauti, wananigeukia, "Na mama mzazi je?" Ungesema nini wewe? Ningesema mama mzazi ana viazi?

Friji Salha hakulitoa. Nililikopa mimi kwake, akalileta na gari lake, akataka kiti. Nikampa kiti chako.

Najua unaniita mwizi. Lakini wewe ulikuwa unanunua nini miaka yote hiyo? Vitenge vya kulaza chini ya kitanda. Mimi nimemnunulia mwanangu heshima. Leo Jeni anaamkiwa kwa adabu pale Ilembula, hakuna anayemwita mtoto wa mjane wa viazi. Usiniweke mimi na wewe kwenye mizani moja.

Kadi yako na simu nampa Ussi pamoja na barua hii. Naomba jambo moja. Salha anataka mdhamini mwenye mshahara, la sivyo anakuja kubeba vitu vyangu, na wifi zangu wapo, watatazama. Wewe ni mtumishi wa serikali. Saini tu, pesa nitalipa mwenyewe.

Halafu baba. Wamemfungua bandeji, anaona. Nimefikiri tumwambie ni moto. Kiangazi hiki mioto ni mingi, na moto hauulizwi. Ila lazima maneno yetu yafanane.

Dada yako,
Lucia


Makambako,
Jumapili, 14 Julai 2024

Lucia,

Kadi nimeipata. Simu nimeipata. Sijaiwasha.

Nilikwenda na Aron. Nilitaka kumwonyesha miti yake, nilikuwa na hakika tumemaliza, hata ulivyosema nisubiri nilidhani unataka kunishtua kwa furaha. Tulipofika kwenye lile tuta la chini nikasikia mashine. Miti ilikuwa imebaki ile ya ukingoni tu. Nilikaa kwenye kisiki, utomvu ukanishika gauni, mpaka leo haujatoka. Aron alivua kofia, kama makaburini.

Joackim hakunikwepa. Alikuja akanipa mkono, akasema, "Pole mwalimu. Dada yako alipoacha kuja baada ya Krismasi nikajua umerudia mambo yako." Nikajua umerudia! Hakushangaa, hakuuliza. Na nani angeuliza? Hukuhitaji kunificha, Lucia. Ulijificha nyuma ya sifa yangu mbaya, na sifa yangu ilikuwa pana ya kututosha wote wawili. Nilipalilia mahindi ya watu, nikamshonea mwanangu viatu kwa uzi wa gunia, na nilikuandikia kukuomba radhi kwa sababu niliuliza risiti. Ile barua ya kuomba radhi uliisoma umekaa wapi? Ukiwa kwenye kikao cha kamati?

Unasema nisikuweke kwenye mizani moja na mimi. Sikuweki. Mimi nilikopa nikaharibu vyangu. Wewe umekopa ukaharibu vya mtoto, ukaniacha mimi nione haya.

Jana nilikwenda dukani kwa Salha. Nilikuwa na kadi yangu, mshahara umo, na nilikwenda kununua, sikufichi. Nani angenilaumu? Mwaka mzima nimekuwa mwema na nimelipwa visiki. Akanitandikia kile cha kijani, kimebaki kipande. "Chukua tu, tajiri wangu." Nikakigusa. Dada, hakuna kilichoamka. Kilikuwa kitambaa. Umeniponya, na sina hamu ya kukushukuru.

Udhamini sisaini. Nilianza kukuandikia masharti: lete simu, lete kadi, usimfuate Salha, kila mwisho wa mwezi mimi nitakuwa napeleka. Niliyaandika vizuri kabisa, kwa mwandiko wa ubaoni. Nikayachana. Masharti yanataka mtu wa kuaminiwa kuyashika, na kwetu mtu huyo hayupo tena.

Moto pia sisemi. Moto huunguza na nyasi, na unaacha mti umesimama mweusi. Baba kapanda miti maisha yake yote, alifungwa macho, hakufungwa akili. Akiviona visiki vimekatwa sawasawa atajua ni msumeno, na atajua tumemdanganya tangu alipokuwa haoni.

Jumamosi anatoka Ilembula. Nitampokea hapa stendi, nitamnywesha chai, nitampandisha kwenye gari la Ussi mpaka kwako. Mimi sitamwambia neno. Akiniuliza misindano ya Aron imefika wapi, nitamjibu dada anajua. Wewe utampokea, na wewe ndiye utakayempeleka Kifanya.

Kule juu Julai hii baridi ni kali. Litoe lile shuka la viraka stoo umfunike nalo begani mnapopanda kilima. Usimharakishe, mwache asimame atazame anavyotaka. Daktari amesema anaona mpaka mbali.

Peace